Mngurumo au mchoro: kuchagua timu ya sarakasi za angani ukitokea Entebbe

Siku Uganda ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Oktoba 9, 2012, nilikuwa uwanja wa Kololo, Kampala, na mjomba wangu, jua limetupiga tangu asubuhi. Sukhoi za jeshi letu, ndege vita za Kirusi, zilipopita juu, watu wengi waliinama na kuziba masikio, ndipo wakapiga vigelegele. Mimi mbavu zilitetemeka kama ngozi ya ngoma. Mjomba hakuinama. Alitumikia jeshi miaka mingi akiwa fundi wa ndege Entebbe, na masikio yake yalikwisha kuharibiwa na injini zamani. Mngurumo ule aliupokea kifuani tu. Alikunja jicho moja, akazifuata ndege kwa jicho la pili mpaka zikapotea upande wa ziwa. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini: "Wewe unatazama ndege. Tazama ile nafasi iko katikati ya ndege na ndege."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifundisha kuzitazama timu za sarakasi za angani, na ndiyo kipimo nitakachotumia hapa. Watu wanaojua ninavyozipenda huniuliza, "Kaka, nikijaliwa safari moja tu maishani, niende kuona timu gani?" Uganda hatuna timu ya namna hiyo. Tuna ndege vita 6 aina ya Su-30MK2, zilizoanza kuwasili mwaka 2011, nazo siku ya sherehe hupita, hazichezi. Kupita ni heshima kwa taifa, na huwa naenda kuziona kila ninapoweza. Lakini kupita ni jambo la sekunde chache. Timu ya maonyesho hukaa mbele ya macho yako kwa dakika 20 na zaidi, inachora, inafuta, inachora tena. Anayetaka hilo hana budi kuvuka mpaka.

Safari hii swali ni langu mwenyewe. Nimeweka akiba kwenye SACCO miaka mitatu, na inatosha safari moja ya watu watatu: mimi, Mjomba ambaye sasa ana miaka 71, na binti yangu wa miaka 9 anayependa kila chenye kelele.

Anza na ndege, nchi baadaye

Wengi huanza kwa kuchagua nchi. Utasikia mtu anasema nataka London, au nataka Dubai. Mimi nasema anza na aina ya ndege, maana ndiyo itakayoamua macho yako yatapata nini.

Timu za kijeshi ziko mafungu matatu. Fungu la kwanza hurusha ndege vita zenyewe: Blue Angels wa jeshi la majini la Marekani, Thunderbirds wa jeshi la anga la nchi hiyo hiyo, Russian Knights wa Urusi. Fungu la pili hurusha jeti za mafunzo, ndogo na nyepesi: Red Arrows wa Uingereza, Frecce Tricolori wa Italia, Patrouille de France wa Ufaransa, Al Fursan wa Falme za Kiarabu. Fungu la tatu hurusha ndege za panga, yaani zenye propela: Silver Falcons wa Afrika Kusini na Marche Verte wa Moroko.

Tofauti kubwa kati yao imo kwenye kona. Ndege ikiongeza kasi mara mbili, huku rubani akivumilia uzito ule ule mwilini, duara lake la kugeuka linakuwa kubwa mara nne. Kwa hiyo ndege vita ikishapita mbele yako lazima iende mbali, kilomita kadhaa, ndipo irudi. Muda huo wewe unatazama anga tupu, au unatazama ndege nyingine iliyopangwa kuziba pengo hilo. Jeti ya mafunzo hugeukia karibu. Ya panga hugeukia karibu zaidi, karibu kama kunguru anayezunguka mwembe.

Ndiyo maana naliweka swali hivi: unataka mngurumo au unataka mchoro? Hakuna timu inayokupa vyote viwili kwa kipimo kimoja, na anayekuuzia safari hatakwambia hivyo.

Mngurumo: Wamarekani, na ndugu wa Sukhoi zetu

Blue Angels ilianzishwa mwaka 1946, na kwao ni Pensacola, Florida. Tangu msimu wa 2021 wanarusha Super Hornet 6, kila moja ina injini mbili. Nne hukaa kwa umbo la almasi, mbili zinacheza peke yao na kuziba lile pengo nililolitaja.

Hapa nenda na kipimo cha Mjomba. Katika almasi yao, bawa la mmoja na kioo cha mwenzake huachana kwa sentimita 46. Hiyo ni dhiraa moja, mkono wa muuza vitambaa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Dhiraa moja, kwenye ndege yenye urefu wa mita 18, ikienda mamia ya kilomita kwa saa. Sijui kitu kingine ambacho binadamu anafanya kwa mkono wake kinachodai utulivu wa namna ile.

Na utulivu huo una siri yake. Marubani wengine wa ndege vita huvaa suruali maalumu inayojaa hewa na kubana miguu ili damu isiondoke kichwani. Blue Angels hawaivai. Mkono wa kulia wa rubani unaegemea paja. Suruali ikivimba ghafla itausukuma mkono, mkono utausukuma usukani, na dhiraa imekwisha. Kwa hiyo wanakaza misuli ya miguu na tumbo wao wenyewe. Juu ya hilo usukani umefungwa springi inayouvuta mbele kwa nguvu ya kilo 18 hivi, ili mkono usiwe mlegevu hata dakika moja. Jaza jerikeni ya lita 20 karibu mpaka mdomoni, iinue, ikae mkononi kwa zaidi ya nusu saa huku unaandika jina lako kwa mwandiko mzuri. Ndiyo kazi yao.

Thunderbirds, waliozaliwa mwaka 1953 na kukaa Nellis, Nevada, wanarusha F-16 tangu 1983. Nao ni sita, injini moja kila ndege. Kwa jicho langu almasi ya Blue Angels imebana zaidi, na kwa kuwa maonyesho mengi ya Marekani humwalika mmoja tu kati yao kwa mwaka, ukipata nafasi ya kuchagua nenda kwa wa majini.

Kiingilio katika maonyesho mengi yanayofanyika kwenye kambi za kijeshi kule ni bure. Kinachokula fedha ni nauli na viza, na viza ya Marekani ni safari nyingine kabla ya safari. Kama una ndugu Waltham kule Massachusetts, ambako Waganda wamejaa, na ulikuwa na mpango wa kwenda kumwona, basi panga likizo yako pamoja na ratiba ya Blue Angels na usisite. Kufunga safari kutoka Kampala kwa ajili ya onyesho peke yake, mimi siwezi kumshauri mtu.

Kuhusu Russian Knights: hawa ndio wangenitoa machozi, kwa sababu Su-35 zao ni ndugu wa damu wa Su-30 tunazoziona Kololo. Ila maonyesho yao makubwa ya nyumbani, MAKS, pale Zhukovsky nje ya Moscow, yalifanyika mara ya mwisho 2021. Ya 2023 yalifutwa. Usiweke akiba yako juu ya kitu kisichokuwa na tarehe.

Mchoro: Red Arrows na Frecce Tricolori

Hapa ndipo penye ushindani wa kweli.

Red Arrows waliundwa mwishoni mwa 1964 na kuanza maonyesho 1965. Tangu 1980 wanarusha Hawk T1, jeti ya mafunzo yenye injini moja, na kambi yao sasa iko Waddington. Ni ndege 9, na umbo lao la Almasi ya Tisa ndilo nembo yao. Likija kutoka mbali linaonekana kama kitu kimoja, kama tiara ya mtoto, mpaka likaribie ndipo unapoona kwamba kati yake kuna mianga.

Niliwaona kiangazi kimoja nilipokuwa nasoma Uingereza, kwenye mji wa pwani, nimekaa juu ya kokoto na thermosi ya chai. Wingu lilikuwa limeshuka. Wale marubani wana maonyesho ya aina tatu na huchagua kwa kutazama wingu: likiwa juu ya futi 5,500 hivi, sawa na mita 1,650 na kitu, wanafanya onyesho kamili lenye vitanzi, ndege zinapanda wima na kupinduka mgongo chini, likishuka, wanaacha vitanzi na kubaki na kubiringika, likishuka zaidi, wanapita na kugeuka tu bila kupanda. Mimi nilipata hilo la tatu. Lilikuwa zuri, siwezi kulikana, lakini lile nililoweka fedha miezi sita kuliona sikuliona. Mtu wa Uganda anayepanga kwenda kule ajue: hata Julai, Uingereza inaweza kukunyima anga. Maonyesho makubwa ya Fairford, yanayoitwa RIAT, yalifutwa kabisa mwaka 2008 kwa sababu mvua iligeuza viwanja vya kuegesha magari kuwa matope.

Moshi wao unastahili aya yake. Watu hudhani ni rangi ya kupulizia. Ni dizeli: inamiminwa kwenye pumzi ya moto inayotoka nyuma ya injini, inageuka mvuke papo hapo na kuwa moshi mweupe, kwa mwekundu na wa buluu wanachanganya rangi ndani ya dizeli. Tangi lililo chini ya tumbo la ndege linatosha dakika 5 za mweupe, na dakika moja moja tu za zile rangi mbili. Ukishalijua hilo unaanza kuona wanavyobania: rangi hutolewa pale tu mchoro unapoihitaji. Na moshi una kazi ya pili, nayo ni ya uhai. Ndege mbili zinapokuja uso kwa uso, kila rubani anauona moshi wa mwenzake mapema kuliko anavyoiona ndege yenyewe, na kiongozi anausoma upepo kwa jinsi moshi unavyosukumwa.

Frecce Tricolori, yaani mishale ya rangi tatu, waliundwa 1961 pale Rivolto, kaskazini mashariki mwa Italia. Wanarusha MB-339 tangu 1982, na ni ndege 10, timu kubwa kuliko zote nilizozitaja. Tisa zinachora, ya kumi inacheza peke yake. Hesabu hiyo ndiyo inayowapa ushindi kwangu. Zile tisa zikienda kujipanga upya, ya kumi inaingia hapo hapo, inabingirika na kuanguka kama jani, na jicho halikai na njaa hata kidogo. Jambo jingine: mkubwa wao hayuko angani. Anasimama chini, mbele ya watazamaji, redio mkononi, anawatazama kama unavyowatazama wewe na kuwarekebisha kutoka pale. Yeye ndiye anayetazama nafasi, kwa hakika Mjomba angeelewana naye bila mkalimani.

Kwa hiyo ukiniuliza mchoro ulio bora duniani, nitasema Italia. Maonyesho yao mengi ya kiangazi hufanyika juu ya bahari, watu wamekaa ufukweni, na hali ya hewa ya Italia mwezi Julai haina ubishi kama ya Uingereza. Kasoro yake kwetu ni usafiri: utabadilisha ndege njiani, na viza ya Schengen inataka makaratasi mengi. London ina faida hapo, maana Uganda Airlines ilianza kwenda Gatwick moja kwa moja Mei 2025.

Wafaransa nitawapitia haraka. Patrouille de France wanarusha Alpha Jet 8, ni waungwana angani, mistari yao ni laini. Kama tayari unakwenda Paris, uwepo barabarani Julai 14 wanapofungua gwaride kwa moshi wa buluu, mweupe na mwekundu. Lakini hilo ni la kupita, kama la kwetu Kololo. Onyesho lao kamili utalitafuta kwingine.

Habari ya Ramstein, ambayo lazima niiseme

Agosti 28, 1988, kwenye kambi ya Ramstein huko Ujerumani, Frecce Tricolori walikuwa wanachora moyo unaochomwa mshale. Mshale ni ndege ya kumi, nayo ilikuwa ikielekea upande wa watazamaji. Ilifika mapema kidogo, ikagonga wenzake. Walikufa watu 70: marubani 3 na watu 67 waliokuwa chini.

Naliandika hili kwa sababu kuna watu watakaokwambia mambo haya ni hatari, usimpeleke mtoto, na wana haki ya kuuliza. Baada ya siku ile kanuni zilikazwa Ulaya: watazamaji wakasogezwa nyuma, na michezo ya kuwaelekea watu ikaondolewa. Leo ndege huchora sambamba na mstari wa watu, au zikitoka nyuma yao zinapita juu kwa urefu uliowekwa. Marubani wenyewe bado wanabeba hatari. Januari 18, 1982, Thunderbirds wanne walikufa pamoja mazoezini Nevada: ndege ya kiongozi ilishindwa kuinuka kutoka kwenye kitanzi, na wale watatu walikuwa wanamtazama yeye tu, kama wanavyotakiwa. Hilo ndilo linalonifanya nisipige makofi haraka. Nasubiri mpaka wote wametua.

Kwa mtazamaji shauri langu ni dogo: kaa ndani ya eneo lililowekwa, usiende kutafuta kilima nje ya uzio chini ya njia yao.

Karibu na nyumbani: Waterkloof, Dubai, Marrakech

Kituo cha jeshi la anga cha Waterkloof kiko Centurion, karibu na Pretoria. Kila Septemba ya mwaka wa shufwa, kama 2018 na 2024, hufanyika pale maonyesho ya Africa Aerospace and Defence. Nilikwenda 2018, na ilibaki kidogo nirudi bila kuona kitu. Wakala mmoja hapa mjini alinipangia tarehe za katikati ya wiki; nikafika getini nikaambiwa siku zile ni za wafanyabiashara, watu wa suti na kadi za biashara shingoni, na onyesho la watu wote ni mwishoni mwa wiki. Nililipa kubadilisha tiketi ya kurudi. Wewe soma tarehe mwenyewe, usimwachie mtu.

Jumamosi ilipofika nilisahau yote. Septemba kule mvua bado. Nyasi zimekauka rangi ya chapati, anga ni buluu tupu kutoka ukingo hadi ukingo. Silver Falcons walikuja watano, Pilatus PC-7 Mk II, ndege za panga wanazotumia kufundishia marubani wapya. Wao wenyewe ni walimu wa chuo cha urubani cha Langebaanweg. Sauti yake niliijua kabla ya kugeuka: injini ile ni ya ukoo mmoja na ya Cessna Caravan zinazopeleka watalii Kidepo kutoka Entebbe. Haikutishi. Inavuma kama nyuki wengi, na juu ya mvumo huo unaweza kuongea na mwenzako.

Na hawaondoki! Hilo ndilo lililonishangaza baada ya kuona jeti. Kitanzi chao chote kinaingia kwenye kipande cha anga unachoweza kukifunika kwa viganja viwili. Zilipopanda pamoja niliiona nafasi kati ya bawa na bawa ikibaki ile ile kwenda juu, ile ile mgongo ukiwa chini, kisha ya tatu ikachelewa nusu pumzi na kurudi mahali pake. Kwenye jeti usingeliona kosa hilo, na usingemwona rubani akilirekebisha. Tena Waterkloof iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, juu kuliko Entebbe yenye mita 1,153. Hewa ni nyembamba, bawa linashika kidogo, injini inapumua kwa shida, na kitanzi kilekile kinadai ustadi zaidi kuliko kingefanywa pwani.

Baadaye ikaja Gripen, ndege vita yao, moja tu. Ilipita ikageuka wima, na mbavu zangu zikakumbuka Kololo. Mtoto mmoja mbele yangu alilia, kisha akadai irudi.

Dubai ni rahisi kufika, na Al Fursan ni timu nzuri. Jina lao maana yake ni wapanda farasi, na sikio la Kiswahili linalisikia neno farasi humo ndani. Iliundwa 2010, marubani wakifundishwa na Waitaliano, na moshi wao una rangi nne za bendera yao, ukiwemo mweusi, ambao ni nadra sana angani. Mtu wa bendera nyeusi, njano na nyekundu lazima aupende. Maonyesho ya Dubai ya Novemba, miaka ya witiri, hukusanya timu za mataifa mengi. Hata Russian Knights wamewahi kucheza pale. Lakini yale kwanza ni soko la ndege, la watu wa biashara, na Novemba 2025 yaliingia msiba pale ndege vita ya India, Tejas, ilipoanguka ikiwa inaonyesha na rubani wake kufa. Kwa familia, afadhali uende siku ya taifa lao, Desemba 2, uwatazame kutoka ufukweni. Utapata kipande tu cha onyesho, ila hutalipia kiti.

Marrakech naitaja kwa ajili ya jambo moja. Marche Verte wanarusha CAP 232, vindege vya injini ya pistoni, na wana mchezo wa kuruka huku ndege zimefungwa kamba moja kwa nyingine. Kamba! Nafasi ya Mjomba imefungwa fundo, na kila mtu uwanjani anaona ikiwa imelegea au imekatika. Kama si umbali wa safari ningewaweka juu zaidi.

Kwa mwenye mfuko mwembamba kabisa, Nairobi. Mei 2022 jeshi la anga la Kenya lilifanya tamasha la ndege Uhuru Gardens. Hawana timu ya kuchora kama hizi, lakini ni basi la usiku mmoja, na mpaka wa Busia unavuka kwa kitambulisho cha taifa. Ni mahali pazuri pa kujua kama wewe ni mtu wa mngurumo kabla hujavunja akiba.

Nimechagua nini

Kwa Mjomba mngurumo hauna maana tena. Anachotaka ni nafasi, iwe karibu, ikae muda mrefu, na anga iwe safi ili macho ya miaka 71 yaione. Kwa hesabu hiyo Italia ni ya kwanza na Waterkloof ya pili. Kwa binti yangu, Pensacola ni ya kwanza, na Gripen ya Waterkloof inamtosha. Waterkloof inaonekana mara mbili, na Uganda Airlines inakwenda Johannesburg moja kwa moja. Kutoka uwanja wa ndege unapanda treni ya Gautrain, unabadilisha Marlboro, unashuka Centurion.

Ningekuwa kijana peke yangu, na akiba hii hii, ningekwenda kukaa ufukweni Italia na kuzihesabu zile tisa mpaka ya kumi iingie. Mwenye wazee na watoto aende Waterkloof. Viza iombwe miezi mingi mapema, orodha ya timu zinazoshiriki isomwe kabla ya kulipa, kofia na maji yasisahauliwe, maana kivuli pale hakuna.

Mjomba ameomba jambo moja tu: kiti chake kiwe katikati ya mstari wa watazamaji, pale zinapopishana ndege zinazokuja uso kwa uso. Nimemwahidi. Binti yangu nimemtafutia vizibo vya masikio vya mafundi, vile vinavyofunika sikio lote, na tangu Jumapili anavivaa sebuleni huku amekunja jicho moja.